Kadi ya Mbuzi kwenye Ukurasa wa Wazee

Mtu akikuambia Nyaga ni mvivu, mkatalie. Mimi ninayefanya kazi naye ndiye mwenye haki ya kumsema, na hata mimi sijawahi kumwita mvivu. Shida yake ni nyingine. Ni mtu anayechukia kufanya kitu kimoja mara mbili, na chuki hiyo karibu imkoseshe mke.

Naitwa Gladwell. Tuna ofisi hapa Meru mjini, orofa ya juu ya duka la dawa za mifugo, mahali ambapo harufu ya dawa ya kupe hupanda ngazi kabla ya mteja. Tunatengeneza tovuti za shule, kliniki, makanisa, mtu yeyote anayetaka kuonekana kwenye simu za watu. Kazi yangu ni kutafuta wateja, kuchora kurasa zitakavyokaa, na kugombana. Kazi ya Nyaga ni kuandika programu zenyewe. Anatoka Kiritiri, Mbeere huko, ambako mbuzi ana heshima kuliko diwani, na ni mpole mpaka anachosha.

Sasa nikueleze kidogo, ndio usipotee. Tovuti hujengwa kwa vipande: kitufe cha kubonyeza, kalenda, kadi. Kadi ni kile kisanduku chenye picha juu, jina chini yake, halafu mistari ya maelezo, halafu kitufe. Ofisi nyingi huweka vipande vya kila mteja kivyake, kila mradi na ghala lake. Nyaga alipoingia kwangu, jambo la kwanza alilofanya ni kukusanya miradi yote akaitia ghala moja. Wenye kazi hii huita mpangilio huo monorepo. Nyaga aliuita boma. Ndani ya boma kila mteja alikuwa na nyumba yake, na katikati kulikuwa na folda moja ya vipande vinavyotumiwa na wote. Folda hiyo aliipa jina Jikoni. Ukirekebisha kadi pale Jikoni, tovuti zote zinabadilika zenyewe na kupanda hewani bila wewe kugusa nyumba ya mtu.

Sitamnyima sifa. Mwaka ule kalenda yetu ilipokosea Jumatatu ya Pasaka, Nyaga alirekebisha mahali pamoja tu, na shule zote, kliniki zote na makanisa yote yakapata Pasaka yake kabla chai yangu haijapoa. Lakini nilimwonya. Nilimwambia, "Nyaga, kadi ya Jikoni ibaki tupu. Picha na nafasi za kujazwa, basi. Kila mteja aweke mambo yake nyumbani kwake. Siku utakapotia mambo ya mteja mmoja Jikoni, tutalia."

"Gladwell, kadi ni kadi," akanijibu.

"Na uweke majaribio. Kabla kitu hakijapanda, tuone kurasa za wateja wote zitatokaje."

"Nitaweka."

Hiyo nitaweka ya Nyaga naijua. Kuna balbu ya ngazi ambayo anasema ataiweka tangu tuhamie.

Mke niliyemtaja anaitwa Kawira, mwalimu wa shule ya msingi upande wa Nkubu. Babake, Mzee Mithika, ni mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa, na sisi ndio tuliotengeneza tovuti ya kanisa hilo. Tovuti ilikuwa na ukurasa wa wazee wa kanisa, kila mmoja na kadi yake, kwa hivyo tulihitaji picha zao. Mzee alimtuma Kawira azilete ofisini. Kanisa lile halina wazee wengi, lakini picha zililetwa kwa awamu nyingi ajabu. Kufikia picha ya mwisho, Nyaga alikuwa ameanza kupaka mafuta ya nywele kwenda kazini.

Walipendana vizuri, na waligombana juu ya jambo moja tu: jiko. Mamake Nyaga ana jiko kubwa pale Kiritiri, la kujengwa kwa mawe, na Nyaga alitaka Kawira akiolewa atumie jiko hilo pamoja na mama mkwe. Kawira hakutaka kusikia. Alikulia kwenye nyumba ambayo mamake, Ciakuthii, aliomba ruhusa ya mama mkwe kila alipotaka kusogeza sufuria, mpaka yule bibi alipokwenda kwa Mungu. Chumvi iliwekwa mara mbili ama haikuwekwa kabisa, na lawama zote zilikuwa za Ciakuthii. Kawira alimwambia Nyaga nikiwa papo hapo, nikijifanya natafuta kalamu.

"Nataka jiko langu. Dogo, la mbao, sijali."

"Lakini jiko lipo," Nyaga akasema. "Kwa nini tujenge mara mbili kitu kilekile?"

Kawira alimwangalia jinsi ninavyomwangaliaga mimi. "Siku watu wenu watakapokuja kwetu, baba ataniuliza mbele ya wote kama wageni wapokewe. Usipokuwa na jibu la jiko, mimi nitanyamaza. Msichana akinyamaza siku hiyo, wageni hurudi na mbuzi wao."

Nyaga alikuja kuniuliza kama Kawira anaweza kufanya hivyo kweli. Nikamwambia ingekuwa ni mimi ningenyamaza tangu jana.

Siku ya kwenda ilipangwa, Jumamosi. Na Ijumaa, siku moja kabla, mjombake Nyaga, Mzee Adrian, mchuuzi wa mbuzi soko la Kiritiri, alikuwa anangoja tovuti yake. Alitaka mnada wa simu, wanunuzi wa Nairobi waone mbuzi na kuweka dau bila kuja kukanyaga vumbi. Huyo Adrian ndiye aliyekuwa msemaji wa posa, kwa hivyo Nyaga hakutaka kumuudhi. Akakaa siku nzima akiandika kadi ya mbuzi: umri, uzito, meno, kama dume amehasiwa, na hali yake sokoni. Mbuzi ambaye hajanunuliwa, hali yake inaandikwa "Bado yupo." Chini kabisa kitufe: "Weka dau."

Adrian ana utaratibu wake. Madume wote anaowanenepesha huwahasi wakiwa wadogo, na hivyo haoni haja ya kumwandikia mtu jambo ambalo Kiritiri nzima inajua. "Nisipoandika kitu, jua amehasiwa," alimwambia Nyaga kwa simu. Nyaga naye akaiweka hivyo hivyo kwenye programu. Kadi ikiachwa bila maelezo, inajijazia yenyewe: Amehasiwa, Ndiyo.

Na haya yote aliyaweka wapi? Jikoni. Kwa sababu kadi ni kadi. Akarusha kazi hewani, akazima kompyuta, akaenda kunyolewa.

Jumamosi asubuhi tulikutana ofisini. Adrian alifika na pikapu, mbuzi wa posa nyuma, koti la kuazima begani na majani ya muguka akiyatafuna shavuni. Alikuja na wazee wawili ambao kazi yao siku hiyo ilikuwa kutikisa kichwa kukubali kila Adrian akisema. Alipanda ngazi akitabasamu, simu mkononi.

"Nyaga, kazi ni nzuri. Dau limeanza kuingia. Lakini kuna mbuzi hapa simjui."

"Yupi, mjomba?"

"Huyu mwenye tai."

Nyaga alichukua simu, akaangalia, akakaa. Nikamnyang'anya. Alikuwa ni Mzee Mithika, na koti lake la kijivu la Krismasi. Nikafungua tovuti ya kanisa kwenye kompyuta na kumbe ni wazee wote, mmoja baada ya mwingine, wamepangwa kwa heshima, na chini ya kila jina: Uzito, haujapimwa. Meno, hayajakaguliwa. Amehasiwa, Ndiyo. Hali, Bado yupo. Pale palipokuwa na kitufe cha kumpigia mzee simu akuombee, palikuwa na "Weka dau," na kitufe hicho kilipeleka ujumbe na picha moja kwa moja kwa Adrian. Mchokozi fulani wa kanisa hilo, aliye Nairobi, alikuwa ameandika: "Anaonekana amekomaa, lakini nitamchukua mkinifikishia Ruiru."

"Mimi nilikuwa karibu nimjibu," Adrian akasema. "Ruiru si mbali."

Nilikasirika. Nakwambia nilikasirika mpaka nikaenda kusimama kwenye ngazi, na pale kwenye ngazi nikacheka mpaka nikashika ukuta, kisha nikarudi ndani nikiwa nimekasirika tena. Nyaga alikuwa tayari kwenye kompyuta, jasho likimtoka kwenye kipara kipya. Akarudisha kadi ya zamani pale Jikoni. Ilikuwa sawa, ila tovuti ya mbuzi ilianza kutafuta kitufe cha dau na kukikosa, ikagoma. Na boma la Nyaga lina lango moja: nyumba moja ikigoma, hakuna anayetoka, yaani hakuna tovuti yoyote inayopanda hewani. Kanisa likabaki vilevile, na wazee wake vilevile.

"Weka kando mbuzi, utoe kanisa kwanza," nikamwambia.

"Ndio nahangaika kulitenganisha. Yote nimeyafunga pamoja."

"Nani alikuambia usiyafunge pamoja?"

Aliendelea kubonyeza. Adrian aliangalia saa, akasema wakwe hawangojeshwi. Nyaga akaingiza laptopu ndani ya koti, tukaondoka.

Kwa Mzee Mithika tulipokelewa vizuri. Hema lilikuwa limesimamishwa mbele ya nyumba, migomba ikitupa kivuli pembeni, uji wa wimbi ukipitishwa. Mzee mwenyewe alisalimia kila mmoja, "Muga," akitushika mikono yote miwili. Alikuwa amekonda. Mwaka uliopita alilazwa hospitali muda mrefu, na alipotoka watu wa kanisa walianza kuongea naye polepole, kwa sauti ya chini, namna watu wanavyomwongelesha mgonjwa wasiyetarajia kumkuta tena. Kawira aliniambia jambo hilo lilimuuma kuliko sindano. Tangu picha yake iwekwe kwenye tovuti, alimwonyesha kila mtu, hata wanunuzi wa kahawa.

Bwana harusi siku kama hiyo haongei. Anasemewa. Nyaga alikaa nyuma ya wale wazee wa kutikisa kichwa, laptopu mapajani, koti limeifunika, intaneti ikitoka kwenye simu yangu. Kila watu walipopiga makofi, yeye alibonyeza kitu. Wageni wengine walidhani ana baridi.

Adrian alianza vizuri. Alisema tumekuja tumeona ua, mambo ya kawaida, wazee wawili wakatikisa. Mzee Mithika akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akaingiza mkono mfukoni.

"Kabla sijajibu, ni vizuri mjue mnaongea na nani. Huyu kijana wenu ndiye aliyenitengenezea ukurasa wangu." Akatoa simu. "Miwani nimeisahau chumbani. Wewe mama wa kompyuta, njoo unisomee kwa sauti."

Mama wa kompyuta ni mimi. Niliichukua simu nikamtazama Nyaga. Akatikisa kichwa kidogo sana: bado.

Nikaamua kudanganya. Ninasema waziwazi, niliamua kudanganya. Nikaanza kukariri yale maneno ya kadi ya zamani. "Mzee Mithika. Mzee wa kanisa, mshauri wa vijana, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi…"

"Soma kilichoandikwa, mama," sauti ikasema nyuma yangu. Alikuwa Ciakuthii, mke wa mzee, amesimama na sinia ya chapati, miwani puani. "Sisi wa kikundi cha akina mama tumekisoma tangu asubuhi."

Nikaangalia upande wa wanawake. Wote walikuwa wamejifunika midomo na leso. Ningefanya nini? Nikasoma. Uzito, haujapimwa. Meno, hayajakaguliwa. Nikafika pale, nikasoma na hapo.

Wale wazee wawili wa Adrian walitikisa kichwa kwa mazoea, kisha wakaacha.

"Imeandikwa hivyo?" Mzee Mithika akauliza.

"Imeandikwa hivyo, mzee."

Mzee akageuka akamtazama mkewe.

"Mimi nimezaa watoto saba," Ciakuthii akasema. "Sina la kuongeza."

Wanawake waliangua kicheko, lakini mzee hakucheka, na kicheko kikafa chenyewe. Akauliza ni nani aliyeandika. Adrian akaanza kusema ni mitambo, mitambo ya siku hizi ina akili yake. Nyaga akasimama. Laptopu iliteleza ikamwangukia mzee mmoja mguuni.

"Ni mimi, baba," akasema. "Si mitambo. Ile kadi ilikuwa ya mbuzi wa mjomba."

"Eleza."

Sijawahi kumsikia Nyaga akieleza kazi yetu vizuri hivyo, na wateja nimempelekea wengi. "Nimeweka watu wote kwenye boma moja, baba. Nyumba ni mbalimbali lakini jiko ni moja. Kanisa linapika humo, na mbuzi wanapikiwa humo. Jana nilibadilisha chakula kwa ajili ya mbuzi, na sikuangalia ni nani mwingine angekula."

"Hakuna aliyekuambia?"

"Niliambiwa," Nyaga akasema. "Na wanawake wawili. Nilidhani kitu kimoja kikiwa kizuri kinawatosha wote. Nimekuaibisha mbele ya watu wako, na ninaomba msamaha."

Mzee alichukua simu yake mkononi mwangu, akairudisha mfukoni. Kisha akaita, "Kawira."

Kawira alitoka mlangoni. Najua alikuwa amesikia yote, maana leso yake ilikuwa imelowa, sijui kwa kucheka ama kwa kulia.

"Umewasikia wageni," babake akasema. "Tuwapokee?"

Kawira hakujibu. Alisimama akimtazama Nyaga, na nikamwona Adrian akigeuza shingo kuelekea kwenye pikapu, akipima jinsi ya kurudi na mbuzi. Mimi niliogopa. Niliogopa kweli, kwa sababu Nyaga ni mtu mwema na nilijua hataoa mwingine.

"Kawira," Nyaga akasema. Msemaji wake akamvuta koti akae, lakini hakukaa. "Utakuwa na jiko lako. Mama atabaki na lake. Nitajenga kabla ya harusi, na hakuna mtu atakayeingia kusogeza sufuria yako."

Ciakuthii aliweka sinia chini. "Rudia hiyo, mwanangu," akasema polepole. "Sema kwa nguvu. Mimi nimeingoja tangu niolewe kwenye boma hili."

Nyaga akarudia. Mzee Mithika aliangalia viatu vyake, na hakuinua macho mpaka mkewe alipookota sinia tena.

"Wapokewe," Kawira akasema.

Vigelegele vilivyopigwa pale viliwafanya hata majirani watoke mashambani. Mbuzi aliteremshwa, na Adrian akamsifu kwa mzee kuanzia meno hadi kwato. Alipofika kwenye lile jambo jingine alijizuia, akasema tu kwamba mambo yote yako sawa.

Baada ya chakula Nyaga aliomba meza na nusu saa. Alifanya kile nilichomwambia mwaka mzima: kadi ya Jikoni ikabaki picha na nafasi tupu, mbuzi wakapata kadi yao kwao, kanisa likapata yake kwake. Na kabla ya kurusha, akafungua ukurasa wa kila mteja tukaangalia mmoja mmoja. Mzee Mithika akaja na miwani yake, akavuta kiti karibu, akasema anataka kuona yakiondolewa kwa macho yake.

Nyaga akafuta uzito. Akafuta meno. Akafuta lile la katikati, na mzee akashusha pumzi. Kisha Nyaga akapeleka kidole kwenye mstari wa mwisho, ule wa "Hali: Bado yupo."

Mzee Mithika akamshika mkono.

"Hiyo niachie," akasema. "Wengi hawajui."

Ciakuthii alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake. Aliweka mkono begani kwa mumewe. Nyaga alinitazama mimi, nikamwitikia kwa kichwa, na akauacha mstari ule pale, kwenye kadi ya mzee peke yake.